Kungoja Si Kulala

*Hotuba iliyotolewa kwenye karamu ya Jamhuri ya chama chetu, Brooklyn Park, Jumamosi tarehe 9 Desemba 2023. Mzungumzaji ni muuguzi na mwanachama wetu.*



Mwenyekiti aliponipigia simu aliniomba nizungumze juu ya presha na sukari. Nilimwambia presha na sukari mnazijua, ila hamtaki kupunguza chumvi. Nikaomba nizungumze juu ya maradhi mengine. Kwa miaka 13 niliyoishi Minnesota, watu wanaponivuta kando baada ya ibada, au kwenye maegesho ya magari baada ya zamu ya usiku, wengi hawaniulizi habari za dawa. Wananiuliza: "Dada, makaratasi ya mume wako yalichukua muda gani?" "Mwanangu anatimiza miaka 21 mwezi wa nne, nifanye nini?" "Mbona mwenzangu aliomba baada yangu na mkewe ameshafika?" Hayo ndiyo maradhi yetu katika ukumbi huu. Tunangoja, na hatusemi kwamba tunangoja.

Mimi si wakili, mimi ni muuguzi. Nitawaambia yaliyonipata, nitawaeleza foleni hii inavyokwenda kwa kadiri ninavyoijua, kisha nitawaomba jambo moja.

Nilifika hapa Desemba 2010, nikiwa na miaka 31, kwa bahati nasibu ya viza. Nilikuwa na diploma ya uuguzi kutoka KMTC, na koti la mtumba ambalo nilidhani ni zito. Nilianza kama wengi wenu mlivyoanza: msaidizi wa muuguzi kwenye nyumba ya wazee, kuosha, kulisha, kubadilisha shuka. Baadaye nikafanya mtihani wa NCLEX, nikapata leseni, nikaingia chuo tena, na Mei 2016 nikavaa joho la shahada ya uuguzi. Picha ya siku ile iko sebuleni kwetu. Kwenye picha hiyo niko peke yangu.

Na wakati huo nilikuwa na familia tayari. Desemba 2013 nilikwenda nyumbani Keroka nikafunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi aliyefiwa na mkewe. Alikuwa na binti wa miaka 14. Sikumzaa binti huyo. Siku ya tatu baada ya harusi aliniletea chai akaniita Mama, bila kuambiwa na mtu. Wiki tatu baadaye nilirudi Minnesota, na kuanzia hapo nikawa mama wa kwenye simu.

Binti yuko hapa usiku huu. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika maneno haya. Alisema, "Sema yote, lakini jina langu usilitaje."

Sasa sikilizeni hesabu yangu, maana nimeirudia usiku mwingi nikiwa kazini. Nilifunga ndoa Desemba 2013. Ombi la kumleta mume wangu, ile fomu I-130, nililipeleka Machi 2017. Hiyo ni miaka mitatu na miezi mitatu. Hakuna serikali iliyonichelewesha miaka hiyo. Nilijichelewesha mwenyewe. Nilisema acha nimalize shahada kwanza. Nikasema acha nipate nyumba yenye vyumba viwili kwanza, kwani watalala wapi? Nikasema acha nimalizie karo ya mdogo wangu kwanza. Kila niliposema "kwanza", binti aliongeza mwaka.

Uraia nao ulikuwa vivyo hivyo. Niliruhusiwa kuomba uraia wa Marekani tangu mwisho wa 2015, miaka mitano baada ya kufika. Sikuomba mpaka Oktoba 2018. Niliogopa. Nilidhani nitapoteza Ukenya wangu, na kwamba siku moja nitafika uwanja wa Jomo Kenyatta nikiwa mgeni kwetu.

Novemba 2019 niliapa, na nikalia kwa furaha, maana nilijua kwamba mume au mke wa raia hawekwi kwenye foleni ya miaka. Nilimpigia mume wangu simu, kwao ilikuwa usiku, nikamwambia aanze kugawa kuku. Wiki chache baadaye ikaja barua. Jina la mume wangu lilikuwepo. Jina la binti halikuwepo.

Nilidhani ni kosa la karani. Wakili akanieleza kwamba si kosa. Ukiwa na kadi ya kijani na ukamwombea mume au mke, watoto wake walio chini ya miaka 21, ambao hawajaoa wala kuolewa, wanaingia ndani ya ombi lake, kama vifaranga chini ya kuku. Siku unapokuwa raia, ombi la mwenzako linapanda daraja. Lakini kwenye daraja hilo hakuna kubeba vifaranga. Kila mtoto anahitaji fomu yake mwenyewe. Kiapo kilekile nilichokililia kwa furaha ndicho kilichomtoa binti kwenye ombi, na mimi sikuwa nimeuliza.

Alikuwa na miaka 20 na miezi mitano. Tulipeleka fomu yake Januari 2020. Kuna sheria ya mwaka 2002 ya kulinda umri wa watoto katika maombi haya, nayo inasema kwamba umri wa mtoto wa raia unasimama siku ombi lake linapopokelewa. Kwa hiyo kwenye makaratasi binti alibaki na miaka 20. Ningechelewa miezi saba zaidi, angehesabiwa mtu mzima na kupelekwa foleni nyingine kabisa.

Halafu ikaja Machi 2020. Mnaikumbuka. Balozi za Marekani duniani kote zilisimamisha huduma za kawaida za viza. Mwaka 2019, watu ambao makaratasi yao yalikamilika na waliobakiza mahojiano tu walikuwa kama 60,000 kwa mwezi, duniani kote. Baadaye walifika zaidi ya 400,000. Binti yetu alikuwa mmoja wa hao. Mimi nilikuwa wadini nimevaa barakoa juu ya barakoa, nikiwashikia wagonjwa simu ili waagane na watoto wao. Nje ya hospitali palikuwa na bango lililotuita mashujaa. Nilipita chini ya bango hilo kila asubuhi, nikaingia garini, nikafungua simu kuangalia kama kuna neno lolote kuhusu binti yangu. Hapakuwa na neno.

Mume wangu alifika Septemba 2021. Binti akabaki na nyanya yake. Julai 2022 nyanya akafariki. Binti akabaki na nyumba, ng'ombe mmoja na simu. Mahojiano yake yalifanyika Oktoba 2022, naye akafika Januari 2023, theluji ikiwa magotini. Kutoka ile chai aliyoniletea hadi siku nilipompikia chai jikoni kwangu, ilipita miaka tisa.

Mtaniuliza kama nimekasirika. Nimekasirika, na sioni haya kusema hivyo mbele ya bendera mbili. Tulifuata sheria. Hatukuruka ukuta, hatukughushi cheti. Tulilipa kila ada tuliyotakiwa kulipa: dola 535 za fomu ya kila mmoja, 325 za ombi la viza, 120 za kukagua udhamini. Tulipiga simu tukajibiwa na mashine. Watu wanaosema, "Si wangoje kwenye foleni kama wengine," wengi wao hawajawahi kuiona foleni yenyewe. Kwa hiyo ngojeni niwaonyeshe.

Sheria inayopanga viza za familia ni ya mwaka 1990. Rais George H. W. Bush aliitia sahihi Novemba mwaka huo. Iliweka viza 226,000 kwa mwaka kwa makundi ya familia yanayongoja foleni. Iliweka pia 140,000 za watu wa kazi, na ndiyo iliyotuletea bahati nasibu ya viza 55,000. Hizo 226,000 ni za dunia nzima. Watu wameongezeka, sisi tumeongezeka, lakini mlango umebaki na upana wa mwaka 1990. Hata karani awe mwema na mwepesi namna gani, hawezi kupitisha watu wengi kuliko mlango ulivyo.

Kuna watu wasiongoja mlango huo. Ni mume au mke wa raia, watoto wa raia walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, na wazazi wa raia aliyetimiza miaka 21. Hawa hawana hesabu ya mwaka. Wanangoja makaratasi tu, ingawa makaratasi nayo, kama mlivyosikia, yanaweza kumeza miaka mitatu.

Wengine wote wanaangalia taarifa ya viza inayotolewa kila mwezi. Mwezi huu wa Desemba 2023, ndugu wa raia wanaofikiwa ni wale walioombewa mwaka 2007. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa anaendesha gari. Mtoto wa raia aliyevuka miaka 21 na hajaoa anangoja karibu miaka tisa. Akioa, anahamia foleni ya zaidi ya miaka kumi na minne. Mume, mke na watoto wadogo wa mtu mwenye kadi ya kijani walikuwa hawana foleni kwa karibu miaka minne, tangu Julai 2019. Aprili mwaka huu foleni yao ikarudi. Waliosema "mwakani" mlango ukiwa wazi, mwakani umefika na mlango umefungwa nusu. Hata wauguzi wenzangu wanaoombewa na waajiri kutoka Kenya, wamefaulu NCLEX, wana barua ya kazi mkononi, nao wamekwama. Hospitali hapa zinalia hazina wauguzi, na wauguzi wako Kisii na Eldoret wanahesabu miezi.

Hiyo ndiyo foleni. Lakini nikimlaumu mwenye mlango peke yake nitakuwa nimesema nusu ya ukweli, na mgonjwa anayeambiwa nusu ya ukweli hapati matibabu.

Mtu akilazwa muda mrefu asiweze kujigeuza, anapata vidonda vya kulalia. Ngozi ya mgongo na ya visigino inakosa damu, inabadilika rangi, inapasuka. Nimewahi kuona kidonda kilichofika kwenye mfupa. Na jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi kidonda hicho hakikuletwa na ugonjwa uliomlaza. Mtu amelazwa kwa kiharusi, anakaribia kufa kwa kidonda cha mgongo. Muuguzi hawezi kuondoa kiharusi. Anachoweza ni kumgeuza mgonjwa, kila saa mbili, usiku na mchana. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyofundishwa kwenye nyumba ya wazee. Ni kazi isiyo na sifa, nayo inaokoa maisha.

Kungoja viza ni kulazwa. Na sisi tumewaacha watu wetu walale upande mmoja.

Binti yetu alimaliza KCSE mwaka 2017, akapata nafasi chuo kikuu mwaka uliofuata. Mwaka wake wa pili tulimwambia, "Simamisha kwanza, unakaribia kusafiri, utaanza huku upya." Akasimamisha. Baadaye akarudi, na mahojiano yalipoonekana kukaribia tukamwambia tena asimamishe. Akapewa kazi ya duka la dawa mjini. Tukamwambia aikatae, kwani akiitwa Nairobi ghafla ataacha vipi? Kitanda chake kilivunjika akakiegemeza kwa matofali, maana kuna haja gani ya kununua kitanda cha miezi miwili? Alilala juu ya matofali miaka miwili. Haya yote sikuyajua mpaka alipofika. Wiki yake ya kwanza hapa aliniuliza, "Mama, sasa naruhusiwa kuanza?"

Nilienda bafuni nikafungua maji ili asinisikie nikilia.

Ofisi ilimchelewesha miaka mitatu. Mimi nilikuwa nimeshamchelewesha karibu mingine mitatu kabla ya hapo. Lakini kidonda chenyewe, kile cha mgongoni, tulikitia sisi kwa maneno ya upendo. "Usianze kitu, unakuja." Ni wangapi hapa wamemwambia mtu nyumbani maneno hayo mwaka huu? Msinyooshe mikono. Mnajijua.

Jumanne ijayo nchi yetu inatimiza miaka 60 tangu bendera ipandishwe, Desemba 12, 1963. Nawaomba vijana wakumbuke kwamba uhuru huo nao ulikuwa na makaratasi na ucheleweshaji. Mikutano ya Lancaster House, London, ilikaa mara tatu: 1960, 1962 na 1963. Wazee wetu walingoja. Lakini hawakulala. Chuo cha ualimu cha Githunguri kilifunguliwa mwaka 1939, kwa michango ya watu wa kawaida, wakati hakuna aliyejua kama uhuru utakuja. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, lakini waliosoma walikuwa wameshasoma. Na Septemba 1959, Tom Mboya alipowapakia ndegeni wanafunzi 81 kuja kusoma Marekani, bendera iliyopepea Nairobi ilikuwa bado ya Mwingereza. Hakusema, "Tungoje uhuru kwanza ndipo tusomeshe watu." Uhuru ulipofika uliwakuta watu wako tayari. Hivyo ndivyo Wakenya walivyowahi kungoja, na sisi ni watoto wao.

Basi jambo ninaloliomba ni hili: tusiongeze ucheleweshaji wetu juu ya ule wa serikali. Nitalivunja vipande vidogo, ili mtu aondoke na kitu cha kufanya Jumatatu.

Kwanza, peleka ombi. Mahali pako kwenye foleni panahesabiwa tangu siku fomu inapopokelewa, si siku ulipofunga ndoa wala siku utakapokuwa na nyumba kubwa. Kipato kinaulizwa baadaye, wakati wa udhamini, na kama hakitoshi, sheria inaruhusu mdhamini mwenza. Usingoje kutajirika.

Pili, kama umetimiza miaka yako mitano, au mitatu kwa aliyeolewa na raia na bado anaishi naye, omba uraia. Najua hofu yenu kwa sababu ilikuwa yangu. Katiba yetu iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 inasema katika kifungu cha 16 kwamba raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata uraia wa nchi nyingine. Utatakiwa tu kuiarifu serikali ya Kenya ndani ya miezi mitatu. Wale walioapa hapa kabla ya 2010 na wakapoteza, kifungu cha 14 kinawaruhusu kuomba urejeshwe. Utabaki Mkenya. Utazikwa kwenu. Mwaka 2023 ada ya kuomba uraia ilikuwa dola 725, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe. Mwaka huo maswali ya kusoma yalikuwa 100, mtu aliulizwa 10, na alitakiwa kupata sita. Mama mmoja wa hapa alijifunza akikunja nguo za wagonjwa, swali moja kwa kila shuka.

Tatu, kabla hujaapa, hesabu watoto wako kwa majina na tarehe za kuzaliwa. Kila mmoja awe na fomu yake. Msirudie kosa langu. Na mtoto anayekaribia miaka 21, mtafutie wakili mwezi huu, si baada ya sikukuu.

Nne, watoto wenu walio kwenye foleni wasioe wala kuolewa bila kuuliza kwanza. Simaanishi wakatazwe. Namaanisha wajue. Kuna baba namjua, mwenye kadi ya kijani, alimwombea kijana wake mtu mzima. Kijana akangoja miaka sita, akachoka, akaoa. Ombi likafa siku ile ile, kwa sababu mtu mwenye kadi ya kijani hana nafasi ya kumwombea mtoto aliyeoa. Baba alikuwa na sifa za kuwa raia miaka yote hiyo. Angekuwa raia, ombi lingeishi, hata kama ni kwa foleni ndefu. Wote wawili walilaumu serikali. Mimi niliwasikiliza nikanyamaza, kwani nilikuwa nikijiona mwenyewe.

Tano, wekeni makaratasi tayari, na muwe mnatazama tarehe zake. Cheti cha mwenendo mwema kina muda wake, na uchunguzi wa afya una muda wake. Pasipoti ya Kenya iombwe mapema. Mwaka huu sote tumesikia jinsi maombi yalivyorundikana Nyayo House hadi Waziri Kindiki akaingia kati. Mkihama nyumba, toeni anwani mpya. Barua ikirudi kwa sababu ulihama kutoka Brooklyn Center kwenda Maple Grove, huo si ucheleweshaji wa mtu mwingine.

Sita, ombeni msaada mahali panapostahili. Hapa Minnesota tuna Immigrant Law Center ambayo inawasaidia bure wenye kipato kidogo. Ofisi za maseneta wetu, Amy Klobuchar na Tina Smith, na za wabunge wetu, zina watu ambao kazi yao ni kuuliza kesi iliyokwama imefikia wapi. Hawawezi kukuruka foleni, lakini wanaweza kuuliza, na hulipi senti. Wale wanaowaambia kwamba wana mtu ndani, na kwamba dola elfu mbili zitasukuma faili, kimbieni. Viza haina mlango wa nyuma, ila kuna watu wengi wanaouza ufunguo wake.

Na saba, ambalo ndilo kubwa kuliko yote: wageuzeni wanaongoja. Mwenye kusoma asome. Mwenye kupewa kazi aifanye. Anunue kitanda. Apande mahindi ambayo huenda mtu mwingine atayavuna, hasara yake ni ndogo. Viza ikija ikamkuta mwaka wa tatu chuoni, tutajua la kufanya. Isipokuja, atakuwa na shahada. Ninyi mnaotuma pesa, mkipiga simu msiulize tu, "Umeangalia barua pepe?" Ulizeni umeanza nini mwezi huu.

Sasa neno kwa watoto na vijana mliozaliwa hapa. Baadhi yenu mtapokea dada au kaka ambaye mmemjua kwenye WhatsApp tu. Atafika na nguo zisizofaa kwa baridi hii. Kiingereza chake kitakuwa kizuri kuliko mnavyodhani, ila mtacheka matamshi. Atakaa kimya mezani mkisimulia mambo ya shule, kwa sababu hayumo katika hadithi hata moja. Msimwone mwenye maringo. Wakati ninyi mlikuwa mkisherehekea siku za kuzaliwa, yeye alikuwa akizihesabu kwa hofu, kwa sababu ya 21 ingemfungia mlango. Mkaribisheni polepole. Mpeni hadithi zenu, na mwombeni zake. Anajua mambo ya babu na nyanya yenu ambayo hakuna mwingine atakayewaambia.

Nyumbani kwetu bado tunajifunza. Kwenye simu aliniita Mama kwa miaka tisa, kwa urahisi. Hapa, uso kwa uso, kwa miezi kadhaa hakujua aniite nini, wala mimi sikujua nikae wapi kitandani kwake ninapotaka kuzungumza naye. Mama wa kwenye simu anajua kutuma karo. Hajui mtoto wake anapenda mayai yakiwa namna gani. Miaka hiyo hakuna ofisi itakayoirudisha, na sitasimama hapa kuwadanganya kwamba mwisho mwema umeifuta. Waliotunga mlango wa mwaka 1990 wanapaswa kuupanua, na ninyi mtakaokuwa raia mna kura ya kuwakumbusha. Lakini kuna sehemu ya miaka hiyo ambayo ilikuwa mkononi mwangu, kwenye droo ya jikoni, ndani ya bahasha ya fomu ambayo sikuijaza.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Wanaovuta hawakai wamelala.

Agosti mwaka huu binti alianza chuo cha hapa. Anasomea uuguzi, na mimi sikumshawishi. Juzi alirudi kutoka mafunzo ya vitendo amechoka, akaketi akavua viatu. Nikamuuliza leo wamemfundisha nini. Akasema, "Kugeuza mgonjwa."

Mwenyekiti, nimemaliza, na dakika zangu zimekwisha. Pilau isiendelee kungoja, nayo imengoja kihalali. Kesho mkiamka, kabla ya kanisa, fungueni ile droo.

Heri ya Jamhuri kwenu nyote.